Huyu Kitabu

Vijana wangu wa kundi la vitabu vifupi, nimesoma maoni yenu karibu mwaka mzima bila kuandika neno, nanyi mmenivumilia kama jirani anayesikiliza redio ya watu kupitia ukutani. Leo mniruhusu nipaaze sauti kidogo.

Wiki iliyopita mmoja wenu, yule anayejiita Achi, aliandika: "Hii kitabu ilinibeba." Mwenzake akamjibu hapo chini: "Kitabu hiki kilinibeba," akaongeza na kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Wengine saba mkacheka. Tangu hapo Achi hajaandika. Hajatoka kwenye kundi, jina lake bado lipo, lakini hajaandika.

Nyinyi mliendelea na mambo yenu. Mimi niliweka simu mezani nikaenda kusimama dirishani. Kimya cha namna ile nakijua vizuri. Niliwahi kukitengeneza mwenyewe, kwa mkono huu.

Nilifanya kazi katika chumba cha kuazimisha vitabu katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa, mwendo mfupi kutoka River Road. Msikitafute, siku hizi ni vibanda vya simu. Mwenyewe alikuwa Bi Rukia, mjane kutoka Malindi, aliyerithi kwa mumewe makabati manne ya vitabu vinene katika mtaa wa watu wasio na nafasi ya kuvisoma. Wasomaji wetu walikuwa makarani, mafundi, wauzaji wa maduka, vibarua wa mjengo. Kitabu kinene kilikuwa kikiondoka Jumamosi na kurudi baada ya mwezi, ukurasa wa thelathini umekunjwa pembe, kuanzia hapo kurasa ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Bi Rukia alipochoka kuona pembe zilizokunjwa, akanunua kisu cha fundi viatu.

"Baba Simiyu," aliniuliza siku yangu ya kwanza, "umewahi kuchinja?"

"Kuku, Bi Rukia."

"Basi ni vivyo hivyo. Tafuta kiungo. Usikate mfupa."

Tulikuwa tukichukua mkusanyiko wa hadithi, tunaukata hadithi moja moja, na kila moja tunaishona kivyake ndani ya jalada la manila. Kurasa kumi, kumi na nne, ishirini. Kitu cha kuingia mfuko wa shati. Uzi unaupitisha kwenye nta ya mshumaa kabla ya kushona, vinginevyo unakata karatasi. Matundu ni matatu, si manne, na la katikati ndilo linaanza. Nikifumba macho hata sasa vidole vyangu vinajua.

Lakini kilichonifanya nikae pale miaka yote ile ni karatasi mbili. Mwishoni mwa kila kijitabu tulishona karatasi mbili tupu, za msomaji. Ndani ya jalada Bi Rukia alibandika agizo lake kwa mwandiko wa duara: Andika ulikuwa umekaa wapi. Kisha andika unachotaka. Jina hatulihitaji.

Nilimuuliza kwa nini mahali. Akaniambia, "Ukimuuliza mtu kama amekipenda kitabu, atakujibu kwa adabu. Muulize alikuwa amekaa wapi. Atasahau adabu."

Na kweli walisahau. Kuna aliyeandika: "Kwa kinyozi, Kangemi. Nilicheka mpaka kinyozi akazima mashine. Sasa nina mstari kichwani." Kuna aliyeandika: "Foleni ya benki. Huyu mwanaume wa hadithi ni mjinga lakini namwelewa." Mwingine: "Choo cha kazini. Samahani." Hiyo samahani nimeibeba maisha yangu yote.

Maoni yaliyorudi mara nyingi kuliko yote yalikuwa neno moja: fupi. Mwanzoni nililiona kama lawama, nikaanza kutafuta hadithi ndefu zaidi. Ilinichukua muda kutambua kwamba neno hilo lina sauti kadhaa. Iko fupi ya mtu aliyeudhika, hiyo huandikwa kwa kalamu na kukandamizwa. Iko fupi ya shukrani, ya mtu aliyemaliza kitabu kwa mara ya kwanza tangu shule, huyo huandika kwa herufi kubwa, kama anayetia sahihi. Halafu iko fupi iliyoandikwa chini kabisa, pembeni, herufi zimelegea. Hiyo ni ya mtu ambaye hakutaka kurudi alikokuwa. Mkiona mtu anaandika fupi, msimjibu haraka. Sikilizeni kwanza ni ipi.

Sasa niwaambie kosa la kwanza, la kuchekesha, kwa sababu bila hilo la pili halieleweki.

Ukikata mkusanyiko, adui yako ni karatasi yenye mabwana wawili: upande wa mbele hadithi moja inaisha, upande wa nyuma nyingine inaanza. Dawa yake ni kupiga kopi, kila hadithi ipate yake. Siku moja nilisahau. Kulikuwa na hadithi ya mwanamke anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, na kila jioni anapika chai na kuweka vikombe viwili. Hadithi nzima unajiuliza kikombe cha pili ni cha nani. Ukurasa wa mwisho unasema. Nami ule ukurasa wa mwisho niliupeleka kwa hadithi iliyofuata, halafu, kama vile kosa halijatosha, upande ule wenye mwisho nikaupaka gundi nikaubandika kwenye jalada.

Hakuna aliyelalamika. Kijitabu cha vikombe kikawa ndicho kinachoazimwa kuliko vyote. Karatasi za nyuma zilijaa nikashona nyingine, zikajaa tena.

"Stejini Kawangware, nangoja mvua iishe. Kikombe ni cha mamake."

"Dukani, hakuna wateja. Ni cha bwanake. Mwanaume hurudi."

Na chini yake, mwandiko mwingine: "Wako alirudi?"

Nilidhani mwandishi ndiye aliyeamua kuishia hapo, nikamheshimu sana.

Mnataka kujua nilikuwa naishi vipi wakati huo. Mke wangu alikuwa nyumbani, ng'ambo ya Bungoma, na shamba na wazee. Mimi nilikuwa Uthiru, chumba kimoja, hiki hiki ninachoandikia. Mwanangu Simiyu alikuwa ameshaenda Doha kufanya kazi. Na mke wangu tulionana Desemba. Kila Ijumaa nilibeba vijitabu vitatu vinne hadi nyumbani, si kusoma hadithi, hadithi nilizijua. Nilisoma kurasa za nyuma. Nilikuwa nikinywa chai na mtu wa Kangemi, na mtu wa foleni ya benki, na yule wa choo. Jirani angeuliza, "Una wageni?" ningesema ndiyo na nisingekuwa nimedanganya sana.

Kati ya wageni hao mmoja nilimngoja. Aliandika kwa penseli, herufi ndogo zilizoegemea kushoto, na daima alianza hivi: "Kwa ngazi, Westlands." Nilimjua uso pia, maana alikuja Jumamosi mchana. Aliitwa Nafula, mama wa makamo, mtu wa kwetu, alisafisha ofisi kwenye mojawapo ya yale majumba ya vioo na kupanga chumba Mutuini. Alisoma wakati wa chakula, kwenye ngazi za dharura, ambako wenye suti hawapiti. Tuliongea kidogo: habari ya kazi, habari ya mvua. Mdomoni hakuwa na mengi. Kwenye karatasi alikuwa mtu mwingine. "Kwa ngazi, Westlands. Huyu msichana angeninyamazisha pia." "Kwa ngazi, Westlands. Nimesoma polepole ndio isiishe na imeisha."

Sasa kosa la pili.

Watu waliniita Mwalimu. Sikuwahi kufundisha hata siku moja, niliishia kidato cha pili. Lakini ukimwita mtu Mwalimu kwa miaka, kuna siku atanunua kalamu nyekundu. Mimi nilinunua. Kiswahili cha shule nilikipenda, ngeli nilizijua kama watu wengine wanavyojua timu za mpira, na ile "hii kitabu" na "kitu yangu" kila mstari iliniwasha. Nikajiambia nawasaidia. Ijumaa moja, hapa hapa mezani, nikaanza kusahihisha kurasa za nyuma. Nilisahihisha wiki tatu. Niwaambie ukweli, nilifurahia.

Ndipo nikafika kwenye kijitabu cha vikombe, na chini kabisa nikakuta penseli yake:

"Kwa ngazi, Westlands. Huyu kitabu ananijua."

Nikakata "huyu." Nikakata "a." Nikaandika juu yake kwa nyekundu, kwa mwandiko wangu mzuri: Kitabu hiki kinanijua. Nikafunga, nikaendelea na kingine.

Wa kwanza kunipasha alikuwa Odhis, fundi wa simu aliyekuwa na meza chini kwenye ngazi zetu. Alirudisha kijitabu akakisukuma kwenye kaunta kwa kidole kimoja, kama kitu kilichomwagikiwa uchafu.

"Niaje, Mwalimu."

"Salama, Odhis. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Usijali nilikuwa wapi. Mimi nilitoroka shule juu ya hiyo kalamu. Miaka kumi na mbili nimejificha. Leo imenipata hapa tao, mjini kati."

"Nilikuwa nakusaidia tu."

"Si ungeniambia ni mtihani, nivae yunifomu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akachukua kijitabu kingine, na kilipokuja kurudi, nyuma kulikuwa na neno moja: Nzuri. Halina ngeli ya kukosea, au ukikosea haionekani. Ikawa hivyo kwa wote. Nzuri. Nzuri. Nzuri sana. Hakuna aliyekuwa amekaa popote.

Bi Rukia alikuwa na desturi ya kupitia vijitabu kila mwisho wa mwezi, miwani puani, kahawa ya tangawizi kando. Nilimwona akifungua kimoja, cha pili, cha tano. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Nani amewaua watu humu?"

Nilishika uzi nikaanza kuupaka nta. Alishafika kwenye kijitabu cha vikombe. Alikaa na ule ukurasa muda mrefu hata kahawa ikapoa.

"Hukusoma hapa, Baba Simiyu. Umesahihisha."

"Ngeli yake ilikuwa mbaya, Bi Rukia. Kitabu ni ki-vi."

"Mimi nimezaliwa Malindi, unanifundisha ki-vi?" Akavua miwani. "Akija, muulize mwenyewe."

Nafula hakuja Jumamosi hiyo, wala iliyofuata, wala ya tatu. Ijumaa zangu zikawa Ijumaa za mtu mmoja. Nilipika chai, nikafungua vijitabu, kila mtu ananiambia nzuri. Mnajua kuingia nyumba yenye watu, na ukiingia tu mazungumzo yanakatika? Ndivyo ilivyokuwa, ila nyumba ilikuwa yangu.

Katika wiki hizo, msimu wa mvua, jalada la hadithi ile nyingine lilibanduka kwa unyevu, na nyuma yake nikauona ukurasa uliopotea. Mwisho wa vikombe. Niliusoma nikiwa nimesimama. Nikaupiga kopi, nikaikunja mara nne, nikaiweka mfuko wa shati. Nilimwekea Nafula. Nilifikiri nimepata kitu cha kumpa.

Alikuja Jumamosi ya nne. Alikuwa amevaa koti la mvua la kazini. Aliomba kijitabu cha vikombe, nikampa, akakifungua nyuma palipokuwa na wekundu, akakiweka mbele yangu.

"Mwalimu, nilikosa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, lakini mtu akikuita Mwalimu na kukuuliza swali, mdomo unajibu wenyewe. "Ni ngeli tu, mama. Kitabu ni kitu. Unasema hiki. Huyu ni ya mtu."

"Najua ni ya mtu," akasema.

Nje mtu wa mkokoteni alikuwa akipiga mluzi apishwe. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta, na nakumbuka niliangalia vidole vyangu, gundi imekauka kwenye kucha, nikajiona mpumbavu kuanzia kucha kwenda juu. Alijua. Alichagua. Chumba cha Mutuini, ngazi za Westlands, siku nzima anapita katikati ya watu wanaoinua miguu apige deki bila kukatiza maneno yao, na alikuwa amepata mmoja anayemjua. Nami nikamgeuza kuwa kitu, kwa mwandiko mzuri.

Nikatoa kopi mfukoni. "Mama, kuna ukurasa ulipotea. Mwisho wenyewe. Kosa langu pia. Chukua, ama nikushonee ndani."

Aliuangalia ulivyokunjwa. Hakuugusa.

"Hapo imesema kikombe ni cha nani?"

"Imesema."

"Na wewe umesoma?"

"Nimesoma."

"Ukasikia vizuri moyoni?"

"Hapana."

Akatabasamu, mara ya kwanza na ya pekee ninayoikumbuka. "Basi weka kwanza. Wacha niende na yeye nifikirie." Akatia kijitabu chini ya koti, upande wa kavu, akateremka.

Jumatatu nilipigiwa simu kwamba mke wangu amelazwa. Nilikaa nyumbani majuma saba. Tulimzika mwezi wa tano, Simiyu alikuja siku nne akarudi. Niliporudi mjini, makabati yalikuwa yameshushwa na mafundi wanapima ukuta. Mwenye jengo alitaka nafasi yake, na Bi Rukia, magoti yamemchosha, alikuwa anarudi Malindi kwa dada yake. Vijitabu aliwagawia wasomaji. Mimi aliniwekea katoni moja, imefungwa kwa uzi wetu wenyewe.

"Yule mama wa ngazi alirudisha kijitabu," aliniambia. "Alikuuliza. Nikamwambia una msiba."

"Akasema nini?"

"Akasema nikupe pole. Kimo humo ndani."

Tuliagana pale kwenye ngazi. Odhis alibeba katoni mpaka stejini, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Sasa mtaniuliza, na Achi akiwa bado amenyamaza mna haki ya kuuliza: uliandikiwa nini? Sijui nitawaelezaje. Sikuifungua. Niliiweka katoni chini ya kitanda, nikaweka ndoo mbele yake, miaka ikapita. Niliogopa. Kama angekuwa ameandika nzuri, ningefanyaje? Au kama chini ya wekundu wangu hakuna kitu kabisa? Mutuini si mbali kutoka hapa. Nilienda mara mbili, nikatembea kati ya zile nyumba mpya za kupanga zilizoota kwenye mashamba ya sukumawiki, nguo zimeanikwa kila ghorofa, na sikujua hata jina lake la pili. Tulikuwa tumesema jina hatulihitaji.

Juzi, baada ya vicheko vyenu saba, niliondoa ndoo. Nia yangu ilikuwa kupiga picha ule wekundu niwaonyeshe, muone unavyofanana na kile kikatuni. Uzi ulikuwa bado imara, ilibidi nikate. Kijitabu cha vikombe kilikuwa juu kabisa.

Wekundu upo. Haujafifia hata kidogo, ni kalamu bora niliyowahi kununua. Chini yake kuna penseli, herufi ndogo zimeegemea kushoto:

"Nyumbani, Mutuini, chai iko tayari. Nimefikiria. Mwalimu usimguse, wacha hivyo alivyo. Bado ananijua. Nawe pole, ukirudi ukae na yeye kidogo."

Nilikaa naye. Kwenye katoni, ndani ya bahasha, bado ninayo ile kopi iliyokunjwa mara nne. Msiniulize inasema nini. Karatasi ya mwisho ya msomaji ilikuwa imebakiwa na mstari mmoja, na penseli nilikuwa nayo, ya kuandikia orodha ya dukani. Sikujua naanzaje, nikafuata agizo la Bi Rukia.

Niliyemkosea mimi nilichelewa kumjibu. Wa kwenu yuko hapo kwenye simu. Yule aliyemsahihisha Achi asimwandikie samahani, samahani itampa kazi ya kujibu kwa adabu. Amuulize alikuwa amekaa wapi ile kitabu ilipombeba. Ndiyo, nimeandika ile. Halafu mnyamaze, mngoje.

Na huo mstari wangu, kama mnataka kujua, ni huu: "Uthiru, dirishani, vikombe viwili. Sijamgusa."